Kaburi la Nyali

Kusoma nyumbani juma hili: Mwanzo 23 na Zaburi 88



Jumapili iliyopita nilimtaja Krapf kwenye mahubiri halafu nikapita haraka, na baadhi yenu mkanishika mlangoni mkitaka kujua yaliyompata. Mnajua wenyewe vile ibada ya pili hutubana. Mchungaji amenipa ukurasa huu nimalize, na nitaumaliza kwa kirefu kidogo, kwa sababu nina deni.

Deni lenyewe ni hili. Mapema mwaka huu nilitumwa kuifariji familia moja ya kanisa letu iliyofiwa na mtoto mchanga. Nilikuwa nimejipanga vizuri, maandiko yangu matatu mkononi. Nikamwambia yule mama kwamba Mungu hachukui bila kurudisha, na kwamba mwaka hautaisha kabla hajabeba mwingine. Akaniuliza kama huyo mwingine atakuwa ni huyu aliyezikwa juzi. Sikuwa na jibu. Kumbe kabla yangu alikuwa amepita ndugu mwingine aliyemwambia kwamba angekuwa na imani ya kutosha, mtoto angeishi. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba sisi wawili, mimi na huyo ndugu, tulikuwa tumeweka mzigo juu ya mzigo. Mama mwenyewe amenikubalia niandike haya.

Basi tumtazame Johann Ludwig Krapf. Wengi tunamjua kutoka shuleni: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani. Mwalimu akisha kusema hivyo anafungua ukurasa mwingine. Ile iliyotangulia mlima haifundishwi.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Akiwa mvulana jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo si lake, akalala kitandani karibu nusu mwaka. Huko kitandani ndiko alikozoea kusoma Biblia, hasa habari za Ibrahimu na wazee wa zamani. Baadaye, akiwa shuleni, akavutiwa na ramani ya Afrika na kitabu cha safari za Ethiopia, na moyo ukaanza kwenda mbali.

Mtu angedhani kutoka hapo njia ilinyooka. Hapana. Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, na baada ya miaka miwili hivi akatoka. Mashaka yalimwingia. Hakuwa na hakika tena kama Mungu alimwita au alikuwa amejiita mwenyewe. Akaenda chuo kikuu cha Tübingen kusoma teolojia, akamaliza mwaka 1834, akawa mchungaji msaidizi wa kijijini. (Kazi yangu hii hii. Nilicheka kidogo nilipofika hapo.) Alikuwa ameshaamua kwamba umisionari si wake. Ni rafiki mmoja kutoka Sweden, mmisionari aliyeitwa Peter Fjellstedt, aliyekaa naye, akazungumza naye, na polepole ule mwito ukaamka tena. Sijaona mahali ambapo mashaka yake yalimalizwa na sauti kutoka mbinguni. Yalimalizwa na rafiki aliyekuwa na subira. Nimelifikiria sana jambo hili kuhusu vijana wetu wanaoacha kuja kwenye kesha, nasi tunawahesabu kuwa wamerudi nyuma wakati labda wana swali tu.

Mwaka 1837 CMS, shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, lilimtuma Ethiopia. Mwaka uliofuata akafukuzwa Tigray. Akazunguka, akaingia ufalme wa Shewa mwaka 1839, akakaa kwa mfalme Sahle Selassie. Huko ndiko alikowafahamu Waoromo, na kutoka siku hiyo Waoromo wakawa mzigo wake. Aliamini kwamba watu hawa wakiipokea Injili, Afrika ya kati yote itafunguka. Alijifunza lugha yao, akaanza kutafsiri. Kila kitu alichofanya baadaye, hata kuja kwetu, alikifanya akiwafikiria wao. Shikeni hilo.

Mwaka 1842 aliteremka kutoka nyanda za juu akielekea pwani, aende Misri kufunga ndoa. Njiani mtawala mmoja aliyemkaribisha kama mgeni akampora kila kitu, akaendelea na safari akiishi kwa kuombaomba chakula mpaka Massawa. Alifika Misri, akafunga ndoa na Rosine Dietrich, binti wa Basel. Wakageuza kurudi Ethiopia pamoja.

Hawakuruhusiwa kuingia. Na katika safari hiyo, kwenye nyika karibu na Massawa, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Alikuwa msichana. Aliishi saa chache. Baba yake alimbatiza kwa jina la Eneba, ambalo maana yake kwa lugha ya huko ni chozi, akamzika chini ya mti kando ya njia, kisha ilibidi waendelee na safari, kwa sababu msafara haukuweza kukaa pale.

Ningeomba usome tena sentensi hiyo ya mwisho kabla hujaendelea.

Kwa kuwa mlango wa kaskazini ulifungwa, Krapf akawaza: labda Waoromo wanafikika kutoka kusini, kutoka pwani yetu. Novemba 1843 yeye na mkewe walipanda chombo Aden. Dhoruba ikawapiga, chombo kikaanza kujaa maji, wakaokolewa na chombo kingine na kurudishwa Aden. Siku chache baadaye wakapanda tena. Mimi, na nasema ukweli, ningechukua ile dhoruba kuwa ni ishara. Tungeitisha maombi, mtu angepata ono, na tungekaa Aden. Wao walipanda tena.

Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Said bin Sultan aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, wamtendee mema popote aendapo. Mwezi wa tano yeye na Rosine walikuwa wamehamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena. Krapf alikuwa na miaka 34, amenizidi mwaka mmoja.

Alianza kazi mara moja. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Naam, kadhi. Mistari ya kwanza ya Biblia ya Kiswahili ilikaliwa meza moja na Mwislamu msomi aliyeijua lugha yake, na sioni aibu kulisema hilo kwenye jarida la kanisa.

Wiki tatu na ushei baadaye, mwanzoni mwa Julai, Krapf akashikwa na homa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ni mbu; watu walidhani ni hewa mbaya ya pwani. Alipoanza kupata nafuu, Rosine akashikwa. Tarehe 6 Julai, akiwa katika homa hiyo, akajifungua msichana. Siku mbili tatu ikaonekana kwamba mama hatapona. Krapf naye homa ikamrudia, hivi kwamba wote wawili wakawa wamelala chumba kimoja, kila mmoja kitandani kwake, na mtoto mchanga kati yao.

Rosine alijua anakufa. Aliagiza asizikwe kisiwani mjini, bali azikwe bara, ng'ambo ya maji, mahali ambapo Wamijikenda hupita wakienda na kurudi, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia kilichomleta huko. Alikuwa amekaa Mombasa majuma machache tu. Hakuwa amehubiri mahubiri hata moja. Alifikiri kwamba kama mdomo haukupata nafasi, kaburi lingesema.

Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Mumewe alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilikuwa kazi kubwa kuinuka tu kutoka kitandani, ahakikishe kwa macho yake kwamba kweli ameondoka. Akazikwa ng'ambo kama alivyotaka, upande wa Nyali. Siku chache baadaye mtoto naye akafa, akalazwa kando ya mama yake. Ndani ya miaka miwili tangu harusi, Krapf alikuwa amezika wote, na makaburi yenyewe yalikuwa sehemu mbili tofauti za Afrika.

Sasa hapa ndipo wahubiri wengi, hata mimi, hukimbia kufika kwenye ushindi. Tukae kidogo. Mtu huyu alikuwa ametii. Aliacha nyumbani, akafukuzwa, akaporwa, akanusurika baharini, akaanza kuwapa watu Neno kwa lugha yao, na majuma matano baadaye akawa anazika. Ukiuliza yule ndugu aliyekwenda kwa mama wa kanisa letu, atasema imani ya Krapf ilikuwa na tundu mahali fulani. Liko wapi? Mimi nimelitafuta, sikulipata. Ayubu naye marafiki zake walilitafuta sura nyingi, na mwisho wake Mungu aliwakasirikia wao waliolitafuta.

Kitabu alichokuwa akitafsiri ndicho kile chenye habari za Ibrahimu na Sara, na ndiyo maana nimewapa sura ya 23 msome. Mungu alimwahidi Ibrahimu nchi nzima. Sara anakufa, na Ibrahimu hana hata mahali pa kumlaza. Anasimama mbele ya wenyeji kama mgeni, anapiga bei, analipa shekeli 400 za fedha, anapata shamba na pango. Katika nchi yote ile ya ahadi, kipande cha kwanza kilichokuwa mali yake kwa hati kilikuwa kaburi la mkewe. Na kabla ya kununua, Biblia inasema wazi kwamba aliingia akamlilia. Baba wa imani alilia. Hakuna aliyemwambia ajikaze kiume.

Krapf alipopata nguvu ya kushika kalamu, aliwaandikia wakubwa wake London. Hakuomba arudishwe. Aliwaeleza kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba walichukue kuwa dalili kwamba kazi ya upande huu imeanza, kwa kuwa kanisa husonga mbele likivuka makaburi ya watu wake. Barua hiyo ilisomwa sana na ikawavuta wengine. Lakini msidhani aliiandika kwa moyo mkavu. Alikuwa mpweke katika nyumba ile kwa karibu miaka miwili, akishikwa na homa mara kwa mara, mpaka Johannes Rebmann alipofika Juni 1846.

Wawili hao walikwenda Rabai, wazee wa Rabai wakawakubalia kukaa. Siku ya kuhama, tarehe 25 Agosti 1846, wote walikuwa na homa. Krapf alipandishwa punda kwa sababu miguu ilikataa. Hivyo ndivyo misheni ya kwanza ya Kenya bara ilivyofunguliwa: hakuna utepe wala mgeni rasmi, wagonjwa wawili wanapanda kilima.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoandikwa vitabuni. Rebmann akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata, na wasomi wa Ulaya wakawacheka kwa kusema kuna theluji karibu na ikweta. Wenzao wapya walipofika, homa ikawachukua: Wagner akafa mwaka 1849 muda mfupi baada ya kufika, Pfefferle naye akafa mwaka 1851. Mwaka huo huo Krapf alisafiri tena Ukambani na rafiki yake Kivoi, yule kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri. Karibu na mto Tana wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatangatanga nyikani peke yake, njaa na kiu vikimmaliza. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo kingine. Alirudi pwani hai, na watu wakamtazama kama aliyefufuka.

Mwaka 1853 afya ikamshinda, akaondoka.

Nilisoma biashara chuoni, na huo ni ugonjwa usiopona. Nikisoma maisha ya mtu natafuta mizania. Nimeichora ya Krapf. Upande wa matumizi: mke, watoto wawili, wenzake kadhaa, mwili wake. Upande wa mapato: mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mlemavu, na alibatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Waoromo, ambao kwa ajili yao alianza safari yote hii, hakuwafikia kutoka pwani hata siku moja. Meneja yeyote mwenye akili angelifunga tawi hilo. Na hesabu hiyo si ya uongo, wapendwa. Ni ya kweli kabisa. Krapf mwenyewe aliiona, maana ilikuwa mbele ya macho yake. Kilichonishangaza ni kwamba aliendelea kumtegemea Mungu bila kuificha.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mtu wa haraka, na mengine aliyoyaandika kuhusu watu wa pwani na mila zao yanauma kuyasoma leo. Ukimsoma utakutana na hayo.

Alikaa miaka yake iliyobaki Korntal, Ujerumani. Alioa tena mwaka 1856. Mke huyo naye, Charlotte, akafa mwaka 1868. Kwa hiyo alimlilia mke mara mbili. Alirudi pwani yetu mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, akaugua, akarudi. Muda wake mwingi alikaa mezani na lugha. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imetoka mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilichapwa London mwaka 1882, na yeye hakuiona.

Jambo moja ambalo nusura niliruke. Rebmann alibaki Rabai baada ya Krapf kuondoka, jumla miaka 29. Naye alizika mtoto, kisha mke. Mwisho akawa kipofu. Mwaka 1875 alipelekwa Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai, na Krapf ndiye aliyempokea Korntal. Rebmann alikufa huko mwaka 1876. Nikiwawazia wazee hao wawili, mmoja haoni, mwingine afya imeisha, wakikumbushana kilima cha Rabai, siwezi kuamini kwamba walizungumza juu ya milima ya theluji.

Na mwaka huo huo wa 1875, wakati Rebmann anaondoka, CMS walikuwa wanaanzisha Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru, bara mkabala na Mombasa. Ni upande ule ule ambako Rosine alikuwa amelala peke yake na mtoto wake kwa miaka 31. Watu walioondolewa minyororo wakajenga, wakalima, wakaabudu, wakazaa watoto jirani na kaburi lake.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa ameondoka akiomba.

Wiki mbili zilizopita nilirudi kwa yule mama. Safari hii sikubeba maandiko matatu. Nilimsimulia habari hizi kama nilivyowasimulia ninyi, mumewe akisikiliza kutoka mlangoni. Hakusema lolote kuhusu mlima wala kamusi. Alichouliza ni kuhusu Eneba: iweje baba ampe jina mtoto aliyeishi saa chache tu, na msafara unamngoja. Ndipo nikatambua kwamba mimi, mchungaji wake, sikuwahi kumwuliza jina la mtoto wake. Kwenye mazishi tulisema tu mtoto. Nikamwuliza. Akaniambia, tukaomba tukimtaja.

Idara ya vijana inapanga safari ya Mombasa mwezi wa nane. Nimeomba basi lipitie Nyali kabla ya kwenda baharini, na siku ya pili tupande Rabai. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa katibu wa vijana. Si lazima uwe kijana. Yule mama na mumewe wameshaandikisha.